Blanketi la Watu Wawili

Siku ya tatu baada ya tetemeko, Mwanaidi alifika tena mbele ya meza ya misaada. Utaratibu ulikuwa uleule: blanketi moja kwa watu wawili, na wote wawili wawepo.

“Mwenzako yuko wapi, mama?” karani aliuliza.

“Mume wangu anakuja.”

“Na jana ulisema hivyohivyo.”

Asubuhi ile waokoaji walikuwa wameacha kuchimba kwenye kifusi cha nyumba yake, wakahamia mtaa mwingine. Usiku uliopita maji yaliganda ndooni.

Mwanamke aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni alimgusa bega. “Dada, hata mimi sina mtu. Niandikishe mimi. Miguu yangu barafu, lakini sikoromi.”

Watu walicheka. Mwanaidi aliitazama njia inayotoka mtaani kwake, mpaka karani alipogonga kalamu mezani.

“Jina la mwenzako?”

“Sijui. Muulize mwenyewe.”

“Tausi,” yule mwanamke alisema.

Jioni walijifunika hemani. Mwanaidi alilala ukingoni, upande wa kulia, kama alivyozoea nyumbani. Tausi naye, bila kuambiwa, alilala ukingoni upande wa kushoto. Katikati yao ilibaki nafasi ya mtu mmoja, na hapo blanketi likabonyea.