Macho ya Sungura

Jicho moja la sungura lilikuwa limeshafumbwa kwa uzi mweusi. Fundi alishika sindano muda mrefu kabla ya kuligusa la pili.

Sungura huyo alikuwa kazi ya mikono yake: kitambaa laini cha kijivu, sufi tumboni, masikio marefu. Bibi mmoja mpole alimwagiza kwa ajili ya mjukuu wake wa kike, akasema afanane na mtoto kwa kila kitu. Mara ya kwanza alimrudisha avikwe miwani. Fundi aliikunja kwa waya mwembamba, akajisifu kimoyomoyo kwamba hata daktari wa macho asingeiona kasoro.

Mara ya pili ikawa bendeji ya mkono wa kushoto, pamoja na kitambaa cha kuuning'iniza shingoni. Fundi alimpa bibi pole, akamwambia mtoto atapona.

"Asante, mwanangu," bibi alisema. "Umewahi."

Fundi alitabasamu tu. Wazee wana maneno yao.

Juzi bibi alikuja uso umemshuka. "Safari hii mfumbe macho. Yote mawili."

Kuuliza si ujinga, lakini kuna maswali yanayochoma, na fundi hakuuliza. Yeye mwenyewe hakujaaliwa mtoto. Huyu asiyewahi kumwona alikuwa ameshamwingia moyoni, mshono kwa mshono. Alilia asubuhi nzima huku akishona. Alipokata uzi wa jicho la pili, alimtia sungura kwenye mfuko wa karatasi, akaamua kumpeleka mwenyewe na kuwapa wafiwa pole.

Mlangoni kwa bibi hakukuta viatu vingi wala kilio. Alifungua msichana mdogo mwenye miwani, mkono wa kushoto umening'inizwa shingoni. Fundi alicheka kwa furaha. Alipiga magoti, akamkumbatia, akamuuliza mkono unaendeleaje.

"Unapona. Nilianguka kwenye ngazi, siku ya pili tangu sungura arudi na bendeji." Mtoto alisema hivyo kama anayetaja siku za shule. "Hata miwani, alianza kuvaa yeye."

Akaunyoshea mfuko mkono wake mzima.

"Leo amerudi na nini?" aliuliza, akapiga mwayo mrefu.