Kidole Gumba

Mwenzake Nasima katika briji, mchezo wa karata wa wawili kwa wawili, alikuwa amefungua mnada wa karata kwa kopa moja. Sasa akaruka hadi kopa tatu, kisha akalamba kidole gumba kilichong'aa mafuta ya mbuzi.

Mchana, wakila nyama katika soko la Burma, jamaa huyo alikuwa amemnong'onezea Nasima: "Nikiruka, jua niko na karata kubwa. Nikilamba kidole, sina kitu. Siri yetu, sawa?"

Mpinzani wao, nyanya wa Pumwani asiyeona vizuri, akamuuliza Nasima maana ya mnada huo, kama kanuni zinavyomruhusu: "Mjukuu wangu, mwenzako akiruka hivi, mmekubaliana ana nini?"

Kidole kilikuwa bado kinywani, kikifyonzwa kama mfupa.

"Karata kubwa, nyanya," alisema Nasima. "Lakini akilamba kidole, hana kitu. Na sasa hivi anakilamba."