Wasomaji wa Kishindo

Soksi moja ilikuwa haionekani. Fundi miwani alipiga magoti akachungulia chini ya kitanda, suti mwilini, tai shingoni, mguu mmoja mtupu.

"Vaa nyeusi, Baba Watoto," mkewe alisema mlangoni. "Mtu mzima na mvi zako, unaendaje kuomba kazi na soksi za katuni?"

"Si katuni. Ni Kishindo."

Mkewe alikuwa amechoka kujibu tangu siku shuka za Kishindo zilipopanda kitanda cha ndoa. Vikombe vya Kishindo vilishawafukuza kabatini vikombe vya harusi, na juu ya jokofu walisimama wanasesere kumi na wawili wa Kishindo, ndani ya maboksi ambayo hayajafunguliwa wala hayatafunguliwa. Sisi wenye ugonjwa huu tunajuana. Tunanunua mwanasesere ili tusimguse.

Barua ya wachapishaji wa jarida la Kishindo ilisema mhariri angependa kuonana naye kuhusu maoni yake. Fundi hakuhitaji kuambiwa zaidi. Kishindo, shujaa anayebomoa kuta kwa sauti yake, alikuwa amekufa mara nne katika matoleo mia mbili na kumi na moja, na kufufuka mara tano. Mama yake aliuawa toleo la tisa, toleo la arobaini yumo jikoni anakaanga mayai. Bila shaka sasa walitaka mtu wa kunyoosha mambo. Kwa miaka kumi na saba fundi alikuwa akiiota kazi hiyo, tena mchana, mbele ya wateja.

Soksi ilipatikana nyuma ya kabati.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja ghorofa ya nne, meza mbili, moja tupu. Mhariri, mama wa makamo ambaye miwani yake ilikuwa imelegea sikio la kushoto, alimkaribisha vizuri. Mbele yake palikuwa na boksi kubwa la barua.

"Samahani, kwanza niambie," fundi alishindwa kujizuia. "Toleo la mwisho mmemwacha ananing'inia kwenye bomba la moshi kwa kidole kimoja. Atapona?"

"Inategemea," mhariri alisema. "Wakubwa wamenituma nijue wasomaji wetu ni watu wa namna gani. Barua hizi ndizo zinazotupa moyo wa kuendelea kuchapa. Mia tatu na kumi na mbili! Kwa mfano huyu, Mama Pacha. Ndiye wa kwanza kugundua kwamba kovu la Kishindo lilihama jicho. Yule mama ni kichwa kwelikweli."

"Hata mimi niliona."

"Lakini yeye alikutangulia."

Mtu mwenye akili timamu angenyamaza hapo. Lakini nimeshasema, huu ni ugonjwa: kosa uligundue wewe, sifa apewe mwingine, utalala usingizi gani?

"Mama Pacha ni mimi," alisema.

Mhariri alimtazama juu ya miwani.

"Niliona barua za mtu mmoja hamzitilii maanani, nikajiongeza."

"Ahaa." Mhariri akachomoa nyingine. "Na huyu mwalimu mstaafu, aliyetuchorea ukoo mzima wa maadui wa Kishindo?"

"Mimi. Ukoo ule ulinilia wiki tatu."

"Dereva wa lori?"

"Mimi! Huo mwandiko ni wa mkono wa kushoto." Fundi alicheka. Mgema alikuwa ameshasifiwa, na tembo lilikuwa linajaa maji.

"Wasichana wa bweni la tatu? Hapa pana sahihi kumi na nne."

"Na kalamu kumi na nne, dada yangu. Jumapili nzima sikutoka nje."

Mhariri hakuwa akitabasamu tena. Alimwaga boksi lote mezani, akaanza kugeuza barua moja moja, na kila aliyoinua, fundi aliitikia kwa kichwa.

"Kile kibanda cha magazeti cha mtaa wenu," mhariri alisema kwa sauti ndogo, "ndicho pekee kinachomaliza nakala zote kumi na mbili kila mwezi. Tukasema huko tuna mashabiki wengi."

"Moja ya kusoma," fundi alisema, "kumi na moja za kutunza."

"Hakuna hata barua moja ya mtu mwingine?"

"Hata moja. Dunia nzima utazunguka, anayemjua Kishindo kama mimi humpati."

Mhariri alivua miwani akaiweka juu ya rundo la barua. Fundi aliona ni dalili njema. Aliegemea kiti, akavuta suruali juu kidogo ili soksi zionekane, akangoja kuulizwa ataanza lini.

Mhariri akainua simu.

"Bosi, waambie wa mitambo ya kuchapa wazime," alisema. "Wale wasomaji wetu ninao hapa ofisini. Ndiyo, wote. Wamekaa kwenye kiti kimoja."