Nafasi ya Pili

Dorosela alipiga funda moja la togwa, akalimeza huku Brightness akimtazama, kisha akamkabidhi chupa. Kwao hakuna anayempa mtu kinywaji bila kukionja kwanza, na asiyeonja huulizwa ana nini moyoni. Kwa hiyo alionja. Ndani ya chupa mlikuwa na vidonge viwili vya presha vya bibi yake, amevisaga laini kama unga.

"Asante, dada," Brightness alisema, akanywa mpaka tone la mwisho. "Sikutegemea ungenikumbuka. Nina neno nawe, ila nitalisema tukimaliza."

"Tuko chuo kimoja," Dorosela alijibu. "Nimkumbuke nani mwingine?"

Moyoni alikuwa anamlaani. Mwaka jana, kwenye mashindano ya vyuo pale Njombe, zikiwa zimebaki mita hamsini, Brightness alimkanyaga kisigino. Dorosela alianguka kifudifudi mbele ya mama yake, aliyetoka Ludewa kuja kumwona. Brightness akapanda ndege kwenda kwenye michezo ya Afrika, akarudi na jezi ya taifa, akawa anaivaa hata akienda kufua. Dorosela alipolalamika aliambiwa ana wivu. Mguu ulipona baada ya miezi mitano. Roho haikupona, wala hakutaka ipone.

Leo, uwanjani Makambako, ilikuwa inawaniwa nafasi moja tu ya kwenda Michezo ya Jumuiya ya Madola. Kocha Ambrosi alikuwa amewasomea utaratibu wiki nzima kabla. Vipimo vya dawa zilizokatazwa ni vichache, hivyo atapimwa mshindi peke yake. Akikutwa na hata chembe, anafungiwa miaka minne, na nafasi inakwenda kwa wa pili. Vidonge vya bibi vilikuwa kwenye orodha. Dorosela aliisoma mara tatu, akahakikisha.

Bastola ililia. Upepo wa baridi ulikuwa unawapiga usoni kila walipokunja kona ya magharibi, na kufikia mzunguko wa nane wenzao wote walikuwa wameachwa mbali. Dorosela alimfuata Brightness kama tela nyuma ya trekta. Mara mbili mwenzake alichoka, akapunguza mwendo. Mara mbili Dorosela naye akapunguza.

"Mpite!" Kocha Ambrosi alifoka kutoka pembeni. "Dorosela, unaogopa nini? Mpite!"

Dorosela alibaki nyuma ya Brightness. Kimbia, malkia, alisema kimoyomoyo. Kimbia ukajimalize mwenyewe. Alijisikia mwepesi, na furaha yake ilikuwa chungu na tamu kwa pamoja. Safari hii atakayelia mbele za watu ni mwingine.

Kengele ya mzunguko wa mwisho iligongwa. Walipoingia mita mia za mwisho, jukwaa zima lilisimama. Brightness alikuwa mbele kwa hatua mbili, na Dorosela alijifanya kukaza mwendo ili watu wasije wakasema hakupigana. Mstari huo hapo.

Hatua moja kabla ya mstari, Brightness aliruka pembeni, akasimama.

Dorosela alijaribu kujizuia, lakini kasi ilimbeba. Utepe ulikatikia kifuani pake.

"Nilikukanyaga makusudi, dada!" Brightness alikuwa amepiga magoti kwenye nyasi, machozi yanamtiririka, anapaza sauti ili kila mtu asikie. "Jumapili nimetubu kanisani, leo natubu hapa! Nafasi hii ilikuwa yako tangu mwaka jana!"

"Hapana!" Dorosela alimrukia, akamshika mabega na kumvuta. "Inuka! Maliza! Wewe ndiye mshindi, waambie!"

Watu waliona unyenyekevu ambao hawajapata kuuona. Akina mama walipiga vigelegele, Kocha Ambrosi akafuta macho kwa kofia yake, na mchungaji mmoja jukwaani akaanzisha pambio.

Katikati ya shangwe hizo, mama mmoja mwenye koti jeupe alimgusa Dorosela begani kwa upole, mkononi ameshika kikopo chenye kifuniko.

"Hongera sana, binti," alisema. "Choo kiko huku."