Nusu ya Chini ya Kioo

Rungu la kwanza lilipiga kompyuta. La pili likampiga Bi Khairat begani.

"Tunamtaka Hafiz," alisema aliyeficha uso kwa soksi. "Anakaa wapi?"

Walikuwa wanaume watatu, na kwa lafudhi zao hakuna aliyekuwa wa Pemba. Mlango hawakuuvunja. Waliufungua kwa ufunguo, na funguo za ofisi ya ushirika wa umeme jua zilikuwa mbili tu: wa Bi Khairat, na wa mkuu wake, Msellem, aliyeondoka mapema siku hiyo akimwachia kazi yote.

Hafiz alikuwa mtoto wa marehemu dada yake Bi Khairat. Yeye ndiye aliyemlea tangu ananyonya. Juzi, akiwa wakala wa chama kwenye kituo cha kura, alikataa kutia saini matokeo.

"Simjui," alisema Bi Khairat.

Rungu likamvunja kidole. Aliusikia mfupa kabla ya maumivu.

"Mtandao wenu wa wateja una nyumba za kisiwa kizima," alisema wa soksi. "Na fundi wake ni wewe. Tumeambiwa."

Ni kweli. Asubuhi ile ile Msellem alimsifu kwa kazi yake mpya: mfumo ukikwama, mteja haoni tena Kiingereza cha mashine, anaona Kiswahili cha adabu na kuelekezwa msaada.

"Kompyuta mmeivunja wenyewe."

Kioo kilikuwa kimepasuka. Nusu ya juu ilikuwa nyeusi kama masizi, ya chini bado inawaka. Wa soksi akamkaba shingo, akamwinamisha mpaka pua ikagusa vitufe.

"Tutasoma nusu."

Damu ikadondoka juu ya herufi. Akaandika kwa mkono mzima. Akabofya.

Maandishi yakaja. Yule akayasoma polepole, kidole kwenye kioo. "Gombani, nyuma ya uwanja. Nyumba ya ghorofa, geti la kijani." Akamgeukia. "Ndiyo hii?"

"Si umesoma mwenyewe?"

"Yumo?"

"Saa hizi hulala kidogo. Msimpige kichwani, ana sukari."

Wakacheka. "Kijana yule ana sukari?"

"Sukari haichagui, baba."

Kofi la kumuaga likamwangusha chini ya meza. Nje gari likanguruma, likashika njia ya Gombani.

Bi Khairat alijikokota akaifikia simu. Akatafuta namba, kidole kikasita. Akautazama ufunguo waliousahau mlangoni, ukining'inia kwenye kitasa. Akaiweka simu chini.

Kwenye nusu ya juu, ile iliyokufa, kulikuwa na maneno aliyoyaandika mwenyewe: "Samahani, jina hilo halimo. Kwa msaada, mfuate mkuu wa ushirika nyumbani kwake."