Koki ya Ukutani

Tangu bahari igawanywe majumbani, maji ya chumvi yalipita nyumba hadi nyumba kwa bomba moja, na sheria ilikuwa fupi: samaki wa jirani wakifa, mfungie koki. Aliyefungiwa hafunguliwi tena.

Mwatime alichuchumaa kando ya tangi la chini, lenye mwani walimojificha kamba wachanga, mkono juu ya koki ya upande wa mama yake, yalikotoka maji.

"Funga, mwanangu," mama aliita kutoka ng'ambo ya ukuta. "Wangu wote wanaelea."

"Nikufungie wewe? Sifungi!" Mwatime alifoka, mtaa mzima ukasikia.

Ndipo upande wa pili, kwa jirani anayepokea maji ya Mwatime, koki ikalia ikifungwa, na maji ya tangi la chini yakaanza kupanda.