Terabaiti Mbili kwa Kila Nyumba

Sheria iliipa kila nyumba terabaiti mbili za kuhifadhia data, si zaidi, na diski mpya haikuuzwa mpaka ya zamani ifutwe mbele ya fundi. Tunu alikuwa akiunda kompyuta ya mashindano ya michezo.

"Tunaweza kuigawa diski mpya," fundi Kiondo alimwambia. "Nusu mchezo, nusu kumbukumbu zenu. Ila mchezo utakuwa unakwamakwama."

Tunu alimgeukia mumewe, Shomari. Diski ya zamani ilikuwa na sauti ya marehemu mama mkwe, salamu za simu za miaka kumi na moja.

"Weka mchezo mtupu," Shomari alisema. "Mama ninaye kichwani."

Fundi akafuta. Zilipita dakika nne, Tunu asijue aangalie wapi.

Jumamosi mchezo ulifunguka kufumba na kufumbua, na Tunu akashinda raundi mbili. Shomari alikuwa akizunguka sebuleni, anakaa, anasimama tena. Mwishowe akaja nyuma ya kiti chake.

"Tunu, mama akinipigia alikuwa akianza na 'Shoma' au 'mwanangu'?"

Tunu alivua hedifoni. Salamu zile alizisikia mara nyingi mno, lakini jibu halikumjia.